Kofia ya bluu, bendera ya SADC au mkataba wa majirani: Tanzania ipeleke askari kwa mlango upi?

Januari 2025, waasi wa M23 walipoingia mji wa Goma, askari wa Tanzania walikuwa mashariki mwa Kongo chini ya bendera mbili. Wapo waliovaa kofia ya bluu ya MONUSCO, ujumbe wa Umoja wa Mataifa. Wapo waliokuwa chini ya SAMIDRC, ujumbe wa SADC, jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika. Jeshi ni lilelile, JWTZ, na kiapo ni kilekile. Ila bendera ndiyo iliyoamua nani analipia mafuta ya gari, nani ana helikopta, nani anatoa amri na nani atakuja kukutoa ukizingirwa. Tarehe 13 Machi 2025 wakuu wa SADC waliifunga SAMIDRC, na wapiganaji wake wakaanza kutoka kwa barabara kupitia Rwanda, nchi ileile ambayo wataalamu wa Umoja wa Mataifa walikuwa wameripoti kuwa na maelfu ya askari wake upande wa M23.

Kila mjadala huu unapoibuka hapa kwetu, watu hubishana kama Tanzania ipeleke askari nje au isipeleke. Hilo lilishaamuliwa zamani. Nchi iliyokaribisha makao ya Kamati ya Ukombozi ya OAU, mtangulizi wa Umoja wa Afrika, Dar es Salaam tangu 1963, ikaingia vitani na Idi Amin 1978 na 1979, ikapeleka batalioni Liberia miaka ya 1990, kisha Darfur, Lebanon, Kongo na Jamhuri ya Afrika ya Kati, haiwezi kujifanya leo kwamba mambo ya majirani hayaihusu. Kinachobaki kuchaguliwa ni mlango wa kutokea, na milango ipo minne: Umoja wa Mataifa, jumuiya za kanda, makubaliano ya nchi mbili, na meza ya mazungumzo isiyo na bunduki. Nimeilinganisha kwa mambo ambayo mpiganaji na Hazina wote wawili wangeyauliza. Msimamo wangu nautaja mapema ili msomaji ajue ninakoelekea: mkataba bora ambao Tanzania imewahi kuupata ulikuwa mchanganyiko wa milango miwili ya kwanza, na tulipoutenganisha tuliumia.

Nani analipa

Umoja wa Mataifa una bei inayojulikana. Serikali inayochangia askari hurudishiwa kiasi maalumu kwa kila kichwa kwa mwezi. Kuanzia Julai 2018 kilikuwa dola 1,428, na mwaka 2022 kikapandishwa hadi dola 1,448. Vifaa navyo vina malipo yake: gari la deraya, jenereta, mtambo wa kusafisha maji, hospitali ya kambini. Kila kimoja kina kiwango chake, na wakaguzi wakikikuta kibovu hakilipiwi. Chukua mfano wa batalioni ya watu 850. Ni zaidi ya dola milioni 1.2 kwa mwezi, karibu milioni 14.8 kwa mwaka, na hapo vifaa havijahesabiwa. Fedha hiyo inaingia serikalini. Askari hulipwa na nchi yake kwa utaratibu wa nchi yake, na kutoka kwenye ujumbe hupewa mkononi posho ya dola 1.28 kwa siku, kiasi ambacho ukikisoma mara ya kwanza unadhani mpiga chapa amekosea.

Kasoro ya mlango huu ni kwamba unamtegemea mlipaji asiyeeleweka. Marekani peke yake hubeba takriban robo ya bajeti ya ulinzi wa amani, ikifuatiwa na China, na wakubwa hawa wakichelewesha michango, nchi zilizopeleka askari ndizo zinazokaa na deni mkononi. Oktoba 2025 Umoja wa Mataifa ulitangaza kuwapunguza walinda amani wake kwa robo nzima, askari na polisi kati ya 13,000 na 14,000 katika operesheni tisa, kwa sababu ya ukata. Kwa hiyo anayesema "twende na kofia ya bluu, kule kuna hela" anazungumzia soko la mwaka 2015.

SADC haina bei ya namna hiyo. Nchi inayojitolea hujigharimia sehemu kubwa ya safari yake. SAMIM, ujumbe uliopelekwa Cabo Delgado nchini Msumbiji Julai 2021, wataalamu waliupendekezea askari 2,916. Idadi hiyo haikufikiwa. Umoja wa Ulaya uliusaidia kwa euro milioni 15 mwaka 2022, na Julai 2024 ujumbe ukafungwa, uhaba wa fedha ukiwa miongoni mwa sababu, wakati waasi bado wako msituni. Mkono mtupu haulambwi, na jeshi lisilo na bajeti vijiji huanza kulisahau kabla adui hajalishinda.

Sasa linganisha na Rwanda, iliyoingia mkoa huohuo mwezi huohuo kwa makubaliano na Maputo pekee, ikianza na askari na polisi wapatao 1,000. Umoja wa Ulaya uliiahidi euro milioni 20 Desemba 2022, kisha milioni 20 nyingine Novemba 2024. Nchi moja ilipata zaidi ya maradufu ya fedha zilizopewa ujumbe wa nchi nane. Mtu anaweza kununa, lakini ukiona vyaelea, vyaundwa: Kigali ilifika na jeshi dogo, ikaurudisha mji wa Mocímboa da Praia mikononi mwa serikali mapema Agosti 2021, halafu ikawaonyesha wafadhili kitu cha kupigia picha. Gesi ya Afungi nayo, huko huko Cabo Delgado, ambako mradi wa kampuni ya Kifaransa ya TotalEnergies ulikuwa umesimama tangu Aprili 2021, ilifanya Ulaya iwe na haraka kuliko kawaida yake.

Kuna aina ya tano inayojificha katikati, nayo ni ya kuiangalia kwa makini. Kenya ilikwenda Haiti Juni 2024 kwa ruhusa ya Baraza la Usalama, azimio 2699 la mwaka 2023, lakini kwa fedha za mfuko wa hiari. Mpango ulikuwa watu 2,500. Waliofika hawakukaribia idadi hiyo, na Septemba 2025 Baraza likaamua kuubadilisha ujumbe wenyewe kuwa kikosi kingine. Ruhusa ya Baraza la Usalama si hundi. Azimio 2719 la Desemba 2023 limefungua njia ya michango ya lazima ya Umoja wa Mataifa kulipia hadi asilimia 75 ya gharama za operesheni zinazoongozwa na Umoja wa Afrika, na kwenye karatasi linapendeza sana. Kwenye karatasi.

Nani anaamuru, na nani anakuja kukutoa

Hapa ndipo uzito wote ulipo, na nitakaa kidogo.

Machi 28, 2013, Baraza la Usalama lilipitisha azimio 2098 na kuunda ndani ya MONUSCO brigedi ya kujibu mashambulizi, FIB, yenye watu 3,069. Haikuwa kawaida. Kofia ya bluu kwa desturi husimama juu ya nguzo tatu: ridhaa ya pande zinazozozana, kutopendelea upande, na kutotumia nguvu ila kwa kujilinda au kuulinda wajibu iliopewa. Brigedi hii iliruhusiwa kuyafuata makundi yenye silaha na kuyanyang'anya nguvu. Askari walitoka nchi tatu za SADC: Tanzania, Afrika Kusini na Malawi. Kamanda wa kwanza alikuwa Mtanzania, Brigedia Jenerali James Mwakibolwa. Nia ya kisiasa ilikuwa ya kanda, fedha na hospitali na ndege zilikuwa za Umoja wa Mataifa, na Afrika Kusini ilileta helikopta zake za kivita. Wakipigana sambamba na jeshi la Kongo, kuanzia Agosti hadi Novemba waliwatoa M23 vilimani kaskazini mwa Goma, na tarehe 5 Novemba 2013 waasi wakatangaza kuacha vita.

Miaka kumi baadaye, Desemba 2023, nchi zilezile tatu zilirudi kwenye vilima vilevile dhidi ya waasi wenye jina lilelile. Safari hii zilikwenda kama SAMIDRC, bila kofia ya bluu. Baraza la Usalama liliiruhusu MONUSCO kuwapa msaada wa vifaa na usafirishaji kwa azimio 2746 la Agosti 2024, lakini msaada wa jirani si sawa na kuwa mtu wa nyumbani. Matokeo yake tunayajua. Mwishoni mwa Januari 2025 Afrika Kusini ilipoteza wanajeshi 14, Malawi watatu, na JWTZ nayo ikatangaza vifo vya wapiganaji wake wawili. Uwanja wa ndege wa Goma ulipofungwa, waliobaki kambini walikuwa kama wageni wasio na nauli.

Najua mtu atasema mfano huu una ujanja ndani yake. Ni kweli, M23 ya 2025 haikuwa ile ya 2013: ilikuwa na silaha nzito zaidi na askari wa Rwanda wengi zaidi nyuma yake. Na mwaka 2013 wafadhili walikuwa wameshaibana Kigali kwa kukata misaada, jambo ambalo kwa mpiganaji aliye mstari wa mbele lina thamani ya batalioni mbili. Hata ukiyaondoa hayo yote, swali la helikopta linabaki. Chini ya SAMIDRC hapakuwa na nguvu ya anga ya maana, na jeshi la miguu kwenye vilima vya Kivu bila kitu hewani ni jeshi linalongoja.

Wala kofia ya bluu si bima. Julai 13, 2013, walinda amani saba wa Tanzania waliuawa katika shambulio la kuvizia Darfur Kusini, chini ya ujumbe wa UNAMID. Desemba 7, 2017, kambi ya Semuliki, Kivu Kaskazini, ilishambuliwa kwa saa nyingi usiku. Askari wa Tanzania wasiopungua 14 walipoteza maisha na wengine zaidi ya 40 wakajeruhiwa. Katibu Mkuu António Guterres aliliita shambulio baya zaidi dhidi ya walinda amani wa Umoja wa Mataifa katika historia ya karibuni. Majeneza yalipoagwa Upanga, hakuna aliyekuwa anazungumzia viwango vya kurudishiwa fedha. Uchunguzi ulioongozwa na Dmitry Titov ulikuta mambo ambayo kila askari mzoefu angeyataja bila tume: upungufu wa mafunzo, kukosekana kwa mpango wa kweli wa kupeleka msaada na kuwaokoa waliozingirwa, matatizo ya uongozi na amri, na uhaba wa ndege, wahandisi na taarifa za kijasusi.

Tofauti ni kwamba tunaijua hiyo orodha. Umoja wa Mataifa ulichunguza, ukatangaza, na lawama ikaenda pande zote, kwetu pia. Kwa SAMIM na SAMIDRC, mwananchi wa Tanzania hana ripoti ya namna hiyo ya kusoma. Kwa makubaliano ya nchi mbili hali ni ngumu zaidi: taarifa huamuliwa na serikali mbili, na zote mbili zina sababu ya kunyamaza.

Katika mkataba wa nchi mbili, hata hivyo, amri ni moja. Hakuna kamanda kutoka bara jingine anayesubiri ruhusa ya New York, na hakuna vikosi vinane vyenye masharti manane. Wanaofuatilia operesheni za Umoja wa Mataifa wanalijua tatizo la kamanda wa kikosi anayepokea agizo kutoka makao ya ujumbe halafu anapiga simu kwao kuuliza kama atii. Rwanda ndani ya Cabo Delgado haikuwa na simu hiyo. Tanzania nayo ilionja utamu huo Komoro: Machi 25, 2008, Rais Kikwete akiwa mwenyekiti wa Umoja wa Afrika, askari wa Tanzania na Sudan pamoja na wa Komoro walishuka kisiwa cha Anjouan kumwondoa Kanali Mohamed Bacar, aliyekuwa ameng'ang'ania madaraka kisiwani humo, Libya na Senegal zikisaidia usafiri. Kazi kubwa ilikwisha ndani ya siku moja. Bacar akakimbilia Mayotte, kisiwa jirani kilicho chini ya Ufaransa. Ilibeba kibali cha Umoja wa Afrika, lakini kwa mwendo wake ilikuwa operesheni ya nchi chache zilizojua zinachotaka.

Kuingia na kutoka

Umoja wa Mataifa huingia taratibu na hutoka taratibu zaidi. Kutoka azimio 2098 hadi mapigano makubwa ya FIB ilipita miezi mitano, na hiyo ilikuwa haraka kwa viwango vyao. MONUC, mama yake MONUSCO, ilianzishwa Novemba 1999, na ujumbe huo bado upo, ingawa uliondoka Kivu Kusini Juni 2024 kwa matakwa ya Kinshasa.

Jumuiya za kanda huingia kwa hamasa na kutoka kwa aibu. Mbali na SADC, kikosi cha Jumuiya ya Afrika Mashariki kilikwenda Kongo Novemba 2022, Kenya, Burundi, Uganda na Sudan Kusini zikichangia askari. Tanzania haikupeleka. Kinshasa ilitarajia kikosi cha kupigana, wenyewe wakajiona kikosi cha kutenganisha pande, na Desemba 2023 wakaonyeshwa mlango. Kutokwenda kwetu kulisemwa wakati ule kuwa ni kusita. Ukiangalia nyuma, ni moja ya maamuzi bora ambayo hayakupigiwa makofi.

Nchi mbili huingia upesi. Kutoka ndiko kusikojulikana, maana hakuna tarehe kwenye azimio la mtu yeyote. Anayelindwa huzoea kulindwa, anayelinda huzoea kuhitajiwa.

Bandari, mpaka na majirani

Sera ya mambo ya nje ya mwaka 2001 ilitangaza diplomasia ya uchumi, na toleo jipya lililozinduliwa Mei 2025 halikuiacha njia hiyo. Sasa fikiria nchi inayojitambulisha hivyo, ambayo bandari yake ya Dar es Salaam inapitisha mizigo ya Kongo na mizigo ya Rwanda kwa pamoja, kisha inapeleka batalioni kupigana upande wa mmoja wa wateja hao. Mwaka 2013 tuliipata ladha yake. Mwezi Mei, kwenye mkutano wa Umoja wa Afrika Addis Ababa, Kikwete alishauri Rwanda izungumze na FDLR, waasi wa Kihutu wa Rwanda walioko Kongo. Kigali ilikasirika, na kwa miezi kadhaa uhusiano ukawa baridi kuliko wakati wowote ambao kizazi changu kinaukumbuka. Askari wetu walikuwa Goma wakati huohuo.

Hapa kofia ya bluu inalipa kwa namna isiyoandikwa kwenye jedwali la malipo. Serikali inaweza kumwambia jirani aliyenuna kwamba vijana wale wametumwa na Baraza la Usalama, si na Ikulu. Si ngao kamili, 2013 inaonyesha, lakini ni mwavuli. SADC haina mwavuli huo, kwa sababu Rwanda si mwanachama wa SADC na inaitazama kama klabu ya Kinshasa. Tanzania, iliyomo SADC na Afrika Mashariki kwa pamoja, ndiyo inayobaki kueleza kwa pande zote mbili.

Ila kwa mto Ruvuma, mpaka wetu na Msumbiji, mizani inageuka. Oktoba 2020 wapiganaji wa upande wa Cabo Delgado walivuka mto na kushambulia kijiji cha Kitaya, Mtwara. Mwenzako akinyolewa, zako tia maji. Hapa wembe ulishagusa nywele. Kwa mpaka wako mwenyewe husubiri azimio, wala huombi bajeti ya wanachama kumi na sita. Unakubaliana na Maputo, unaweka askari wa doria pande zote mbili za mto, unalipa mwenyewe kwa sababu ni usalama wako. Baada ya SAMIM kufungwa, Tanzania ilibakisha askari upande wa Nangade, wilaya ya Cabo Delgado, kwa makubaliano na Msumbiji, na naona hilo lilikuwa sahihi. Kama kuna kitu cha kudai ni kwamba makubaliano yenyewe yafahamike: muda wake, mipaka yake, nani anashtakiwa wapi askari akikosa.

Nidhamu

Juni 2023 Umoja wa Mataifa ulitangaza kukirudisha nyumbani kikosi cha Tanzania chenye askari 60 kutoka Jamhuri ya Afrika ya Kati, baada ya madai ya unyonyaji na unyanyasaji wa kingono dhidi ya 11 kati yao. Wapo walioona bendera imechafuliwa na wakauliza kwa nini litangazwe. Mimi naliweka upande wa faida ya kofia ya bluu. Mwathirika wa kijiji cha mbali alipata mahali pa kulalamikia, na nchi ikalazimika kujibu. Katika milango mingine miwili ya bunduki, malalamiko ya mwanamke huyo yangeanzia wapi?

Mlango wa nne

Ukihesabu matokeo kwa kila shilingi, hakuna batalioni iliyoipa Tanzania heshima kama ukumbi wa mikutano wa Arusha. Mkataba wa Rwanda ulisainiwa humo Agosti 1993, ingawa mwaka uliofuata uliteketea kwa damu, na mahakama ya mauaji hayo ikaja kukaa mji huohuo hadi 2015. Mwalimu Nyerere alisimamia mazungumzo ya Burundi hadi kifo chake Oktoba 1999. Mandela akayapokea, na mkataba ukasainiwa Arusha Agosti 28, 2000. Mwaka 2008, Kenya ilipokuwa inaungua, Mkapa alikaa kwenye jopo la Kofi Annan pamoja na Graça Machel, na Kikwete akafika Nairobi mwishoni kabisa kusukuma sahihi ya Februari 28. Mwaka 2014 Tanzania iliwapa uraia Warundi zaidi ya 162,000 waliokimbia mwaka 1972, kitendo cha sera ya nje ambacho hakikuhitaji risasi hata moja.

Lugha nayo ni mtaji. Askari wetu anayefika Beni, mashariki mwa Kongo, anasalimiana na mama wa sokoni kwa Kiswahili, jambo ambalo Mnepali mwenye vifaa bora hawezi. Mpatanishi anapata faida hiyohiyo, na Kiswahili sasa ni lugha rasmi ya SADC na ya Umoja wa Afrika.

Udhaifu wa mlango huu ni kwamba hauna tarehe, na unaweza kunyang'anywa. Februari 8, 2025, Dar es Salaam ilipokea mkutano wa pamoja wa wakuu wa SADC na Afrika Mashariki kuhusu Kongo, wa kwanza wa aina yake. Miezi minne baadaye, Juni 27, Kongo na Rwanda zilisaini makubaliano Washington, na mazungumzo ya Kinshasa na M23 yakawa Doha. Tulitandika meza, wengine wakaandaa chakula. Pia mpatanishi huja na nyumba yake mgongoni. Baada ya uchaguzi wa Oktoba 2025 na vurugu zake, waangalizi wa SADC na wa Umoja wa Afrika walitoa taarifa za kuukosoa. Ni vigumu kumwambia jirani azungumze na wapinzani wake huku akiwa amezisoma taarifa hizo.

Ningechagua vipi

Kwa Kongo na kokote mbali na mpaka wetu: kofia ya bluu, na ikiwezekana kwa muundo wa 2013, nchi za kanda zilizokubaliana kisiasa zikiwa ndani ya ujumbe wa Umoja wa Mataifa. Kama Baraza la Usalama halina fedha wala nia, jibu liwe hapana, hata kama wakuu wa SADC wameshasimama kwa ajili ya picha ya pamoja. Kwa Ruvuma: Maputo na Dodoma, moja kwa moja. Bendera ya SADC peke yake ningeiachia operesheni fupi zenye mwisho unaoonekana, za namna ya Anjouan. Na Arusha ningeiwekea bajeti yake ya kudumu, maana ni ajabu kwamba nchi ina karakana za magari ya deraya lakini haina kitengo kinachojulikana cha wapatanishi.

Lakini "ningechagua" ni neno la bure kwa mwananchi wa Tanzania, na hapa jirani wa kaskazini anatuzidi. Katiba ya Kenya, Ibara ya 240(8), inataka kibali cha Bunge kabla majeshi hayajapelekwa nje. Januari 2024 Mahakama Kuu ya Nairobi ilizuia polisi kwenda Haiti, ikisema baraza la usalama la taifa lina mamlaka ya kupeleka jeshi tu. Serikali ikatafuta njia nyingine na safari ikafanyika, sawa, ila hoja zilisikilizwa hadharani na gharama zikatajwa. Kwetu Ibara ya 44 inazungumzia Rais kutangaza hali ya vita na kulipeleka tangazo hilo kwa Spika. Batalioni inayopanda ndege kwenda kulinda amani haijatangaza vita na mtu, kwa hiyo inapita. Wabunge huisikia mara nyingi kama mimi na wewe, kwenye taarifa ya saa mbili usiku, ndege ikiwa imeshatua.